Urefu Hautoshi: Njia ya Hasheem Thabeet na Swali la Kikapu Simiyu

Tarehe 25 Juni 2009, jijini New York, timu za ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, zilikutana kuchagua wachezaji wapya katika drafti. Jina la kwanza kuitwa lilikuwa la Blake Griffin. La pili lilikuwa la Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa meta 2.21, aliyechukuliwa na Memphis Grizzlies. James Harden aliitwa wa tatu, na Stephen Curry akasubiri hadi nafasi ya saba. Thabeet akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, na jina lake likageuka kipimo. Tangu hapo kijana anayerefuka kupita wenzake, awe Temeke, Mbeya au Bariadi, hakosi mtu wa kumwambia akacheze kikapu.

Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, ila umebeba nusu tu ya habari. Haumwambii kijana wa Bariadi akachezee wapi, nani amfundishe, aanze akiwa na umri gani, wala afanye nini siku mambo yatakapokwenda kinyume na matarajio. Majibu yamo katika maisha ya Thabeet mwenyewe, mradi yasomwe yote, tangu alipogusa mpira kwa mara ya kwanza hadi miaka aliyocheza Japani na Taiwan. Yakisomwa hivyo yanaonyesha kwamba urefu ulimfungulia mlango, lakini kilichoamua alichokikuta ndani ni miaka: aliyoikosa kabla ya kuanza, na aliyoipata au kunyimwa chini ya mwalimu mmoja. Mkoa wa Simiyu, ukitaka kutoa mchezaji wa kulipwa, hauna budi kuanza na hesabu hiyo ya miaka.

Kutoka Makongo hadi Connecticut

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwezi Februari 1987. Alisoma Sekondari ya Makongo, shule iliyo chini ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambayo ilijijengea sifa ya kuwakusanya vijana wenye vipaji vya michezo na kuwapa nafasi ya kusoma. Kikapu alikianza akiwa na miaka ipatayo 15. Umri huo ndio wa kuushika. Watoto wengi wa Marekani au Ulaya wanaokuja kulipwa kwa mchezo huu huanza kudunda mpira wakiwa shule ya msingi. Wakifika miaka 15, mikono yao inajua kazi bila kufikiri, na miguu yao imezoea kugeuka ndani ya nafasi ndogo. Thabeet alianza pale ambapo wenzake wa baadaye walikuwa wameshamaliza hatua ya kwanza.

Urefu ulimpeleka Marekani upesi. Huko akapita shule za sekondari katika majimbo ya California, Mississippi na hatimaye Texas, alikohitimu mwaka 2006 katika shule ya Cypress Christian, Houston. Kila alipohama alikutana na kocha mwingine, mfumo mwingine wa uchezaji na maisha mengine ya bweni, naye yuko mbali na nyumbani. Kwa kijana aliyeanza amechelewa, miaka hiyo ndiyo iliyopaswa kuwa ya mafunzo ya msingi, na sehemu yake kubwa ilikwenda katika kuzoea mazingira mapya.

Utulivu aliupata Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun. Alikaa hapo misimu mitatu, kuanzia 2006 hadi 2009, na matunda yakaonekana. Mwaka 2008 na 2009 alitajwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East, na mwaka 2009 akagawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo. Katika msimu wake wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mchezo. Dhidi ya Providence alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10 katika mchezo mmoja. Connecticut ilifika nusu fainali ya taifa mjini Detroit, ikafungwa na Michigan State.

Watanzania wengi hawakupata kumwona Thabeet wa miaka hiyo. Wanamjua yule wa benchi la NBA. Ni vema tujiulize yule wa Connecticut alikuwa na nini, maana urefu ulikuwa uleule. Tofauti ni kwamba kwa miaka mitatu mfululizo alikuwa na kocha mmoja, kazi moja ya kulinda kikapu, na dakika za kutosha uwanjani za kukosea na kujirekebisha.

Kilichotokea Memphis

Wanaosema kwamba Thabeet hakuwa na uwezo huruka sababu tatu ambazo mpenzi wa kikapu anapaswa kuzipima.

Sababu ya kwanza iko kwenye kanuni. Katika kikapu cha vyuo vya Marekani, mlinzi anaweza kusimama chini ya ringi muda wote anaotaka. NBA, tangu mwaka 2001, humkataza mlinzi kukaa zaidi ya sekunde tatu ndani ya eneo hilo kama hamkabi mtu kwa karibu. Kijana aliyefundishwa kuwa lango la timu yake alitakiwa ghafla kutoka nje ya lango, kukimbia, kugeuka na kurudi, mara nyingi kwa dakika. Kazi hiyo hutegemea miguu, na miguu ya mchezaji hujengwa angali mdogo.

Sababu ya pili ni timu iliyomchagua. Memphis ilikuwa na Marc Gasol katika nafasi ya senta na Zach Randolph pembeni yake, wachezaji wawili wazito waliojua kazi yao na waliokuwa wakiipandisha timu. Msimu wa 2009 na 2010 Thabeet alicheza michezo 68 kwa wastani wa dakika 13, akipata pointi 3.1 na ribaundi 3.6. Februari 2010 alipelekwa kwa muda Dakota Wizards, timu ya ligi ya maendeleo. Hadi wakati huo hakuwahi kutokea mchezaji aliyechaguliwa nafasi ya juu kiasi hicho akapelekwa huko. Kwa mtu anayehitaji dakika za kucheza, hatua hiyo ingeweza kuwa darasa. Magazeti ya Marekani yaliiona kuwa aibu.

Sababu ya tatu hakuna mtu aliyeiona vizuri siku ile ya Juni. Mchezo wenyewe ulikuwa unahama. Curry, aliyeitwa nafasi tano nyuma yake, ndiye aliyekuja kuongoza mabadiliko ya kutupa kutoka mbali, nje ya mstari wa pointi tatu. Timu zilipoanza kupanua uwanja, senta mrefu asiye mwepesi alivutwa hadi nje akamkabe mtupaji, na kikapu kikabaki wazi nyuma yake. Aina ya mchezaji ambayo Thabeet alifundishwa kuwa ilianza kukosa soko wakati uleule alipoingia sokoni.

Februari 2011 Memphis ilimhamishia Houston Rockets. Machi 2012 akaenda Portland Trail Blazers, kisha akacheza misimu miwili Oklahoma City Thunder hadi mwaka 2014. Kwa jumla alicheza michezo 224 ya NBA kwa wastani wa pointi 2.2. Ni timu nne katika misimu mitano: hali ya sekondari ilijirudia ukubwani, kila mahali kocha mpya na muda mfupi.

Ajira, siyo hadithi ya kuanguka

Waandishi wa Marekani wamezoea kumweka Thabeet katika orodha za machaguo mabaya ya drafti, na baadhi yetu tumelipokea neno lao bila kulipima. Tulipime. NBA ina timu 30, na kila timu huwa na wachezaji wapatao 15 wa mkataba kamili. Dunia nzima inagombea nafasi zipatazo 450. Katika drafti ya kila mwaka huchaguliwa wachezaji wasiozidi 60, na baadhi yao hawachezi hata mchezo mmoja. Aliyeingia na kubaki misimu mitano, hali alianza mchezo akiwa na miaka 15 katika nchi isiyo na ligi ya kulipwa ya kumlea, amefanya jambo kubwa. Anayepaswa kujieleza ni aliyemtarajia afanane na watu waliomtangulia miaka minane ya mazoezi.

Tena safari yake haikuishia Oklahoma. Mwaka 2014 alipita mikononi mwa Philadelphia na Detroit bila kupata nafasi, akacheza Grand Rapids Drive katika ligi ya maendeleo. Mwaka 2017 alisajiliwa na Yokohama B-Corsairs ya Japani. Msimu wa 2019 na 2020 alirudi Marekani kucheza Fort Wayne Mad Ants. Kuanzia mwaka 2020 akaenda Taiwan, alikocheza misimu kadhaa katika klabu zaidi ya moja akiwa ameshapita miaka 33. Ligi nyingi nje ya Marekani, ya Japani ikiwamo, hufuata kanuni za shirikisho la kikapu la dunia, FIBA, na kanuni hizo hazina ile sekunde tatu ya walinzi. Mlinzi mrefu wa chini ya ringi bado ana thamani huko.

Hapa kuna somo ambalo kijana wa Simiyu na mzazi wake hulipata kwa nadra. Mchezaji wa kulipwa ni mfanyakazi anayehama. Mkataba wa aliyechaguliwa raundi ya kwanza NBA humhakikishia miaka miwili; mwaka wa tatu na wa nne huamuliwa na timu. Nje ya NBA mikataba mingi ni ya msimu mmoja mmoja. Wanaoishi kwa kikapu duniani walio wengi hawako NBA: wako Uturuki, Ufaransa, China, Japani, Misri, Angola na kwingineko. Anayelenga NBA peke yake ameufumbia macho mlango ambao wengi hupitia.

Waliochelewa wakafika, na aliyewahi

Kuna pingamizi la haki kwa hoja ya miaka. Hakeem Olajuwon wa Lagos naye alianza kikapu katika ujana wake, lakini alichaguliwa wa kwanza mwaka 1984 na kutwaa ubingwa na Houston Rockets mwaka 1994 na 1995. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alikuwa na miaka 25 alipochaguliwa wa nne mwaka 1991, akawa mmoja wa wazuiaji wakubwa wa mitupo katika historia ya mchezo. Joel Embiid wa Yaoundé alianza akiwa na miaka 15 au 16, na mwaka 2023 akatajwa mchezaji bora wa NBA. Manute Bol, mtoto wa wafugaji wa Kidinka kutoka Sudan, meta 2.31, alifika Washington Bullets mwaka 1985.

Lakini tuangalie walichokuwa nacho. Olajuwon alikuwa mchezaji wa mpira wa mikono na mlinda mlango wa soka kabla ya kikapu, na Embiid alipenda mpira wa wavu na soka. Miguu na mikono yao ilikuwa imefundishwa na michezo mingine. Kisha wakapata utulivu. Olajuwon alikaa Chuo Kikuu cha Houston kwa miaka kadhaa chini ya kocha mmoja. Mutombo alilelewa Georgetown na John Thompson, kocha aliyewajua wachezaji warefu. Embiid, kwa sababu ya majeraha, alikaa misimu miwili mizima ndani ya timu bila kucheza, huku timu ikimsubiri. Aliyechelewa anaweza kufika, ila anahitaji mwili uliokwishafundishwa na mchezo mwingine, na watu wenye subira naye.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa Khaman Maluach. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, mwaka 2006, akakulia Kawempe, Kampala, ng'ambo ya ziwa lilelile linalogusa Busega, mkoani Simiyu. Kikapu alikianza akiwa na miaka ipatayo 13. Badala ya kurushwa mapema kwenye shule za Marekani, alichukuliwa na kituo cha NBA barani Afrika kilichoko Saly, Senegal. Akiwa huko alicheza dhidi ya watu wazima katika Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, ambayo NBA na FIBA waliianzisha Kigali mwaka 2021. Akiwa na miaka 16 aliichezea Sudan Kusini Kombe la Dunia la 2023, na mwaka uliofuata Olimpiki ya Paris. Akasoma Duke mwaka mmoja, na Juni 2025 akachaguliwa wa kumi, haki zake zikaishia Phoenix Suns.

Thabeet na Maluach wote ni warefu, wote wa Afrika Mashariki. Kati yao kuna karibu miaka ishirini, na katika miaka hiyo njia imebadilika. Kijana wa mwaka 2003 hakuwa na pa kukulia barani kwake. Kijana wa leo anapo, akianza mapema.

Simiyu: ardhi, sakafu na mwalimu

Mkulima wa Meatu au Itilima anajua kwamba pamba ina dirisha lake la kupandwa, kuanzia katikati ya Novemba. Mbegu iliyowekwa Januari inaweza kuota, ikakua, hata ikatoa maua, lakini haitalingana na ya jirani aliyewahi mvua, hata kama mbolea ni ileile. Kikapu kina dirisha kama hilo, na katika mkoa wetu linafungwa kabla mtoto hajauona mpira.

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu zilizotoka Shinyanga, pamoja na Busega iliyotoka Mwanza. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.1. Mkoa huu huongoza nchi kwa pamba, umejaa ng'ombe, na wengi wa watu wake ni watoto na vijana. Upungufu wa watu hauko. Kinachokosekana ni mambo matatu, na la kwanza ni sakafu.

Kikapu ni mchezo wa kudunda, na mpira haudundi popote. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mbuga, udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi. Kwingine ni luseni, mchanga unaoumeza mpira. Soka huchezeka juu yake, netiboli pia, kwa kuwa mpira wa netiboli hupitishwa mkono kwa mkono. Kikapu hakichezeki. Kiwanja kamili ni meta 28 kwa 15, yaani meta za mraba 420, na zege la unene wa sentimeta 10 linahitaji meta za ujazo 42. Kwa shule ya kata hilo ni jengo zima. Lakini kuna kikapu cha watatu kwa watatu, kilichoingia Olimpiki kuanzia michezo ya Tokyo. Hicho huchezwa kwenye ringi moja, katika eneo la meta 15 kwa 11. Zege lake halifiki hata nusu ya lile. Kwa mkoa unaoanza, huo ndio ukubwa wa kuanzia.

La pili ni umri. Kwa mwanafunzi wa kawaida wa Simiyu, mlango wa kikapu ni UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Maana yake anakutana na mchezo akiwa kidato cha kwanza, na miaka 13 au 14, kama bahati ni yake. Akisubiri hadi mwalimu amwone na kumchagua, ameshafika 15. Huo ni umri uleule alioanzia Thabeet, tena bila Makongo na bila Houston. Mfumo wetu, kama ulivyo, huwaanzisha watoto mahali ambapo mchezaji wetu mkubwa kuliko wote alikuwa ameshachelewa.

Hata hivyo dawa yake haihitaji fedha nyingi, na Olajuwon ametuonyesha. Mpira wa mikono na netiboli huchezeka juu ya udongo wetu katika shule za msingi. Mpira wa mikono unafundisha kudaka, kutupa ukiwa hewani, kulinda lango na kugeuka haraka. Netiboli inafundisha kupokea mpira na kusimamisha mguu bila kuchechemea. Mtoto aliyecheza michezo hiyo tangu darasa la tatu hataanza kikapu kutoka sifuri siku atakapokanyaga zege. Shule ya msingi ya Nkololo au Dutwa inaweza kuwa sehemu ya njia ya kikapu kabla ringi ya kwanza haijasimamishwa kijijini.

La tatu ni mwalimu. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kiko Kwimba, jirani na Maswa. Reli inayopita Malya ndiyo inayopita Malampaka, iliyo Maswa. Mikoa mingi ingetamani kuwa na chuo cha kufundisha walimu wa michezo mlangoni kwake namna hiyo. Halmashauri zetu sita zinaweza kuwapeleka walimu wachache kila mwaka, kwa makubaliano kwamba wakirudi watapangiwa shule zenye kiwanja na hawatahamishwa ovyo. Mwalimu mmoja aliyekaa miaka sita na watoto walewale ana thamani kuliko semina sita za siku mbili. Hilo ndilo Calhoun alilompa Thabeet, na ndilo alilolikosa kabla na baada yake.

Utamaduni wa kushindana tunao. Baada ya mavuno, Wagika na Wagalu, makundi ya ngoma ya Wasukuma, hukutana uwanjani kucheza ngoma mbele ya umati, kila upande ukiwa umejiandaa msimu mzima, na mbio za baiskeli hujaza barabara watu. Wasukuma wanajua mazoezi ya muda mrefu na wanajua kushangilia. Mchezo wa watatu kwa watatu, unaomalizika ndani ya dakika chache, unaweza kuwekwa katika siku hizohizo za shangwe, kwenye zege la shule iliyo karibu na uwanja wa ngoma. Mchezaji chipukizi akishazoea kutazamwa na umati, amepata somo lisilopatikana mazoezini.

Wasichana

Mazungumzo ya kikapu nchini humtazama mvulana mrefu peke yake, na hivyo hupoteza nusu ya watoto. Timu ya wanawake ya Nigeria ilifika robo fainali ya Olimpiki ya Paris 2024, jambo ambalo hakuna timu ya kikapu ya Afrika, ya wanaume au ya wanawake, iliyokuwa imewahi kulifanya. Rwanda iliandaa mashindano ya wanawake ya Afrika mwaka 2023, na timu yake ikafika nusu fainali. Wasichana wetu wanacheza netiboli kila kijiji, wana mikono inayodaka na macho yanayoona nafasi. Kinachobaki kufundishwa ni kudunda na kutupa kwenye ringi yenye ubao. Nafasi ya masomo ya chuo kwa msichana mchezaji ni ya kweli kama ya mvulana. Katika mkoa ambao ndoa na mimba za utotoni zimewakatisha wengi masomo, kila sababu ya kumbakiza binti shuleni hadi kidato cha sita inastahili kupiganiwa.

Kumlinda mtoto mrefu

Kijana mrefu ni mali machoni pa wengine kabla hajawa mchezaji. Ziko habari nyingi barani Afrika za vijana waliopelekwa ng'ambo kwa ahadi za shule, wakaachwa bila shule wala nauli ya kurudi. Mzazi wa Lagangabilili au Mwanhuzi anayeletewa habari ya nafasi ya nje ana haki ya kuuliza mambo mepesi: jina la shule, barua ya shule yenyewe, nani analipa ada ya miaka yote, na mtoto atarudi vipi kama ameumia. Kanuni za FIBA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine ila kwa ruhusa maalumu, na Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania, TBF, lina nafasi katika utaratibu huo. Wakala anayetaka mambo yafanyike kimyakimya amejieleza vya kutosha.

Nyaraka nazo ni ulinzi. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, kilichopatikana mapema na kwa umri wa kweli, humwepusha kijana na mashaka ya baadaye, kwa sababu umri uliopunguzwa humfuata mchezaji kazini mwake kote. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne pia: vyuo vya Marekani haviwezi kumchukua mchezaji asiyetimiza masharti ya masomo, hata awe na meta mbili na nusu. Kwa hiyo mwalimu wa hisabati na wa Kiingereza ni sehemu ya timu.

Kisha kuna afya. Urefu wa kupita kiasi wakati mwingine huambatana na hali za kiafya, mojawapo ikiwa ugonjwa wa Marfan, unaodhoofisha mshipa mkuu utokao kwenye moyo. Mwaka 2014 Isaiah Austin, kijana mrefu wa Marekani, aligunduliwa kuwa nao siku chache kabla ya drafti ya NBA na akazuiwa kucheza. Uchunguzi huo huenda ulimwokoa. Kijana mrefu sana wa Bariadi anapaswa kuonwa na daktari wa hospitali ya rufaa ya mkoa, na ikibidi apelekwe Bugando, Mwanza, kabla hajasukumwa kwenye mazoezi mazito.

Kazi iliyo mbele

Mkoa hauna haja ya kusubiri uwanja mkubwa wa ndani. Halmashauri hukusanya ushuru wa mazao, ambao kwa zao la biashara kama pamba ni asilimia 3. Sehemu ndogo ya mapato hayo, ikitengwa kwa miaka mitano mfululizo, ingetosha kumwaga zege la ringi moja baada ya jingine katika shule zilizochaguliwa, kwa kuanzia makao makuu ya wilaya: Bariadi, Lagangabilili, Nyashimo, Nyalikungu na Mwanhuzi. Kila zege lipewe mwalimu aliyepita Malya, mipira ya saizi ya watoto, na ratiba ya michezo kati ya wilaya na wilaya. Watoto waanze wakiwa na miaka 9 au 10. Timu bora ipelekwe Mwanza kila mwaka ikacheze na vijana wa huko, waliozoea ushindani. TBF iombwe kuleta makocha Simiyu wakati wa likizo, badala ya kuita vijana wawili watatu Dar es Salaam.

Mafanikio yapimwe kwa vipimo vya haki. Kipimo cha kwanza kiwe idadi ya watoto wanaocheza kila wiki kabla ya miaka 12, kisha idadi ya wanaomaliza kidato cha nne wakiwa bado wanacheza, kisha wanaopata nafasi vyuoni au katika klabu za Dar es Salaam, Kampala na Kigali. NBA ije mwisho kabisa katika orodha, na mkoa usijione umeshindwa isipofika. Ukifuata mpangilio huo utapata walimu, waamuzi, wauguzi na wakulima waliolelewa na mchezo, na kati yao huenda akatoka mmoja wa kulipwa.

Thabeet alifika alikofika kwa juhudi zake na kwa watu wachache waliomwona amechelewa. Heshima kubwa tunayoweza kumpa, kuliko kumwita kila mrefu kwa jina lake, ni kuhakikisha kwamba mtoto ajaye wa Simiyu akifika miaka 15 mpira hautakuwa mgeni mikononi mwake.